Mkono wa Koti Chini ya Gari

Fundi wa mageti hapendi kitu kinachocheza. Geti likicheza, mwizi anacheka. Dirisha likicheza, mwenye nyumba hakuletei kazi tena. Ndiyo maana yule fundi waliyembandika jina la Kona, kwa kuwa kila alichokiunga kilisimama wima na kupiga pembe kama jalada la kitabu, aliishi akiamini kwamba chuma kizuri ni chuma kisichotikisika. Imani hiyo ilimtosha kwa mageti, kwa vitanda vya bweni na kwa ngazi za ghorofa. Haikumtosha kwa gari. Na mkewe, ambaye hakuwahi kushika chuma kizito kuliko pasi, ndiye aliyemwonyesha kwamba vipo vitu ambavyo usipoviacha vicheze, huvunjika.

Habari hii ni ya huyo mke. Watu walimwita Mama Sare. Hakujaliwa mtoto, jina hilo alipewa na watoto wa shule, ambao kila mwanzo wa muhula walipanga foleni mlangoni kwake wapimwe mabega na viuno, naye akalipokea kama mgeni aliyekosea nyumba: akamkaribisha, akamkalisha, mwishowe akamzoea. Alishona katika chumba cha mbele, na mumewe alichomelea uani. Kutwa nzima cherehani na grenda viliitikiana kupitia dirisha la nyuma. Grenda ikinyamaza kupita kiasi, mwanamke alipaza sauti bila kuinua macho kwenye kitambaa:

"Umekufa?"

"Bado," sauti ilimjibu kutoka uani. "Nakunywa chai."

Ilikuwa salamu yao. Hapakuwa na aliyeiona kuwa mbaya.

Gari lilipokuja lilikuja na uchakavu wake: pikapu ndogo yenye bodi ya heshima na tumbo lililoliwa na kutu. Bomba la moshi lilikuwa limekatika karibu na injini, likabaki kipande kifupi kama kidole kilichokatwa. Siku Kona alipoliingiza mtaani kwa mara ya kwanza, mbwa walikimbia kwanza, kisha wakakumbuka kubweka. Kinyozi, ambaye kibanda chake kilitazamana na nyumba yao, alitoka na mashine ya kunyolea mkononi.

"Kona! Hiyo pikapu au helikopta? Nimemkata mteja sikio kwa ajili yako!"

"Lipi?"

"La kushoto!"

"Basi mwambie asikilizie la kulia."

Walikwenda dukani kuulizia bomba jipya. Kona aliposikia bei alicheka. Alipogundua kwamba muuzaji hacheki, akaacha. "Kwa bei hiyo," alimwambia mkewe wakiwa njiani kurudi, "nilitegemea linipikie na kunipigia deki. Chuma ni chuma, mke wangu. Nitalitengeneza mwenyewe."

Akalitengeneza kama alivyojua. Alileta mabomba kutoka kwa wauza vyuma chakavu, akayakata, akayaunga kwa pembe za mraba kana kwamba chini ya gari kuna dirisha la kuzibwa, kisha akaligandisha bomba zima kwenye chasisi kwa vipande vya chuma bapa, hatua kwa hatua, kuanzia mbele hadi nyuma. Alipomaliza alilishika kwa mikono miwili akalitikisa. Halikutikisika. "Hata dunia ikipinduka," alisema, "hili litabaki."

Halikufika mbali. Asubuhi waliyopakia sare za shule nzima, zimepigwa pasi na kufungwa kwa dazeni, walianza kusikia harufu ya moshi kwenye viti. Wakashusha vioo. Macho yakawachuruzika kama waombolezaji. Mbele ya geti la shule, geti ambalo Kona mwenyewe alilitengeneza, bomba lilipasuka karibu na injini kwa kishindo kilichomlaza mlinzi kifudifudi. Mwalimu mkuu akatoka. Akanusa shati moja, akanusa la pili, akayarudisha yote kwa ncha za vidole.

 Kufika nyumbani Kona alilaumu vijiti vya kuchomelea, akawalaumu wauza chuma, akamlaumu aliyemuuzia gari. Mama Sare alizifua sare upya, dazeni baada ya dazeni, na jioni alimpelekea mumewe chai. Injini ilikuwa inanguruma, Kona amelala chini ya gari juu ya viroba akitazama juu. Mwanamke akainama, naye akatazama.

"Injini inatikisika," alisema.

"Injini zote hutikisika."

"Lakini bomba umelikataza. Hapo umemfunga mtu mkono, kisha unamwambia apige makofi."

"Bomba likicheza litaanguka."

"Mkono wa koti unacheza begani kutwa, umewahi kuuokota barabarani?"

Kona alijitoa chini ya gari. Akanyanyuka, akakaa kitako juu ya kiroba, chai mkononi, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akamtazama mkewe kama mtu anayemtazama fundi mwenzake.

"Na hizo kona zako," mwanamke aliendelea, maana mlango ukifunguka hausubiri kusukumwa, "moshi unajigonga kichwa kila unapofika. Lipinde."

"Sina mashine ya kupinda."

"Mimi pia sina. Lakini mkono wa koti unapinda kiwikoni. Unajua kwa nini? Kwa sababu upande wa nje nimeukata mrefu, wa ndani mfupi. Kitambaa hakipindwi kwa nguvu, Kona. Kinakatwa kikiwa kimeshajua kitakakopindia."

Hivyo ndivyo bomba la pili lilivyoanza: si kwa moto bali kwa chaki. Mama Sare alifungua waya wake wa kuanikia nguo, akatambaa chini ya gari, akaupinda kufuata njia yote ambayo moshi ungepita: ushuke kutoka kwenye injini, upite pembeni mwa gia, uruke ekseli, utokee nyuma upande wa kulia. Kila penye pindo alizungusha kitambaa kwenye bomba, akakichora, akakikata, na kutokana na kitambaa hicho akachora juu ya chuma vipande vya umbo la kabari, upande mmoja mnene, upande wa pili mwembamba. Kona alikata alipochora yeye. Vipande vilipopangwa vikigusana, bomba lilijipinda lenyewe kama mkono wa mtu anayebeba mtoto.

"Usichomelee bado," alimwonya. "Piga bandi kwanza. Tulijaribishe."

"Bandi? Kwenye chuma?"

"Nukta hapa, nukta hapa, nukta hapa. Likibana tutafumua."

Kona akapiga bandi za moto. Wakalijaribisha chini ya gari mara kadhaa, yeye akishika mwisho huu, mume mwisho ule, wakibishana kama watu wanaomvalisha bibi harusi. Lilibana kwenye ekseli, wakafumua. Lilining'inia nyuma, wakapunguza. Kinyozi alikuwa akija kutazama baina ya mteja na mteja. "Jamani," alisema, "mkimaliza gari, nami nishoneeni kiti."

Kwa sailensa walipata gamba tupu la mtungi wa kuzimia moto, lililotupwa miaka mingi iliyopita. Kona alipitisha ndani yake bomba lenye matundu, na nafasi iliyobaki akaijaza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Mama Sare aliligundua hilo siku ya tatu alipotafuta za kusugulia akakosa.

"Kona, nyuzi zangu ziko wapi?"

"Zimepanda cheo."

Badala ya chuma bapa, walilining'iniza kwa pete za mpira zilizokatwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Na mbele, mahali ambapo Kona alitaka kuchomelea moja kwa moja, mkewe alikataa. "Nguo isiyovulika ni sanda," alisema. Kona akaweka bolti na gasketi, bomba likawa la kuvuliwa na kuvaliwa.

Ulipobaki mshono mmoja tu, karibu na mkia, Kona alivua kinyago chake cha kuchomelea akamvisha mkewe. Akamshikisha kijiti, akaushika mkono wake kwa juu, kisha akauachia. Mshono ulitoka umepinda, una vinundu, kama mwandiko wa mtoto wa chekechea. Mama Sare akaona aibu.

"Uusage kwa grenda," alisema.

Kona, ambaye aliwahi kuvunja geti zima na kuanza upya kwa sababu ya upana wa unywele, alitikisa kichwa. "Huu hauguswi," alisema. "Huu ndio naupenda."

Bomba lile lilifanya kazi. Gari halikunguruma tena wala halikunyamaza kabisa. Lilitoa sauti nzito, ya chini, yenye kikohozi kidogo kila lilipopunguza mwendo, kama mtu mwenye adabu anayejikohoza mlangoni kabla ya kupiga hodi. Mama Sare aliijua sauti hiyo tangu ilipokata kona ya mwisho wa mtaa. Alikuwa akiisikia, anaweka sindano chini, anabandika maji ya chai. Gari likifika, maji yanachemka. Miaka yao ya mwisho ilipimwa kwa kipimo hicho, na kwa watu wawili waliozoea kufanya kazi huku ukuta ukiwatenga, kilikuwa kipimo tosha.

Kisha, alasiri moja, grenda ilinyamaza.

Mama Sare alikuwa anageuza kola. "Umekufa?" aliuliza.

Hakujibiwa. Akadhani mumewe amelala chini ya gari, hasikii. Akamalizia kola. Aliimaliza vizuri, akakata uzi, akaikunja, ndipo alipoinuka kwenda kutazama. Daktari alimwambia baadaye kwamba moyo ulisimama mara moja, kwamba hata angefika papo hapo pasingebadilika kitu. Alimwambia kwa upole, na pengine ilikuwa kweli. Lakini hakuna daktari awezaye kumwondolea mtu kola. Shati lile halikuchukuliwa na mwenyewe. Liko mpaka leo kwenye kabati.

Katika siku za msiba, mdogo wa marehemu aliomba ufunguo wa gari ili akalete viti, na hakuna aliyemkatalia, maana katika msiba ufunguo ni wa yeyote mwenye miguu. Viti vilirudishwa. Ufunguo haukurudi.

Mjane huyo alitaka kitu kimoja tu kwa ndugu wa mumewe: wamwachie gari. Si kwa sababu ya usafiri, ingawa sare zilihitaji kupelekwa. Alitaka sauti ile iendelee kukaa nyumbani kwake. Tumaini hilo lilikuwa dogo kiasi kwamba mtu angeweza kulikanyaga bila kujua, na waliokuja kulikanyaga walijua.

Walikuja mchana, wakaketi katika chumba cha kushonea, juu ya viti vya wateja: baba mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji; shemeji, yaani yule mdogo mwenye ufunguo; na wifi, dada yao. Kabla ya kuketi, shemeji alikuwa ameliwasha gari uani na kuliacha lingurume kidogo, kama mnunuzi anayempapasa mbuzi, kisha akalizima. Mama Sare aliisikia sauti ile akiwa jikoni. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye birika kabla akili haijamkumbusha.

"Mkwe," baba mkubwa alianza, "hatukuja kukunyang'anya. Tumekuja kupanga."

Ni wajane wengi waliopangwa hivyo. Husemwa kwa sauti ya chini, baada ya kukohoa, na kila neno huvikwa heshima mpaka huwezi kuona kisu kiko mkono upi. Sheria iko, imeandikwa, ina vifungu. Lakini siku kama hizo sheria haialikwi, na mjane haambiwi kwamba angeweza kuialika.

"Gari ni chuma," alisema shemeji. "Na chuma ni mambo ya kiume. Wewe utalifanyia nini? Hata kuendesha hujui."

"Ningejifunza."

"Kwa umri huo!" wifi akadakia. "Wifi yangu, mbona hatujagusa cherehani zako? Tumekuachia zote."

"Mmeniachia vitu vyangu," alisema Mama Sare. "Ahsanteni."

Baba mkubwa alikunja uso; hakupenda watu wanaoshukuru namna hiyo. "Tuulizane kwa haki," alisema. "Kwenye gari lile, mkono wako uko wapi? Wewe uliweka nini?"

"Bomba la moshi."

Kicheko kilikuja kwa awamu: kwanza shemeji, kisha wifi, mwishowe mzee mwenyewe, akijifuta macho kwa kiganja.

"Tangu lini," shemeji alisema, akitafuta pumzi, "tangu lini cherehani ikashona moshi?"

Mama Sare hakueleza. Angeweza kuwaonyesha waya, angeweza kuwaambia kuhusu mkono wa koti, lakini aliona kwamba kila atakachokitoa kitachekwa na kurudishwa kikiwa kimechafuka, kama shati linukalo moshi. Wifi, alipomaliza kucheka, alijitengeneza kanga begani na kusema kwa upole kabisa:

"Ungekuwa na mtoto, tungemwachia mtoto. Hata sisi tungefurahi."

 Kwenye kamba iliyopita juu ya vichwa vyao zilining'inia sare za watoto wa watu, zikisubiri vifungo.

"Basi chukueni gari," alisema Mama Sare. "Bomba mniachie."

"Ati?"

"Bomba langu. Nitalifungua mwenyewe."

"Na gari litatembeaje?" shemeji aliuliza.

"Kama lilivyokuja."

Baba mkubwa alicheka tena, kicheko cha mtu anayeona kazi imekuwa rahisi kuliko alivyotarajia. "Mpe, mpe bomba lake. Asije akasema tumemdhulumu."

Kinyozi alikuwa amesimama kwenye ukuta wa uani. Kazi yake humfunza mtu kusikiliza. Mama Sare alipotoka na spana za mumewe, kinyozi alimwita kwa sauti ya chini. "Jirani, usikubali. Kuna mahakama. Mimi mwenyewe nitakwenda nawe, na nitasema nilichokiona."

"Tutakwenda," alimjibu. "Nyumba hii sitawaachia wapange. Lakini mahakama hata ikinirudishia gari, shemeji atakuwa ameshalikata bomba na kuliuza kwa kilo. Ngoja kwanza nichukue langu."

Akatandika viroba vilevile. Akavaa glavu za ngozi za Kona, ambazo vidole vyake havikufika nchani, akatambaa chini. Bolti za mbele zilikuwa ngumu. Alizilainisha kwa mafuta ya cherehani, matone machache, akasubiri, akavuta. Zikakubali. Kisha akazivua pete za mpira, moja baada ya moja, kutoka mbele kwenda nyuma, na kila moja ilipoachia, bomba lilimshukia kifuani kidogo zaidi, mpaka likawa lote limemlalia. Alilala hivyo kwa muda. Waliokuwa wamesimama uani waliona viatu vyake tu.

"Umekwama huko?" wifi aliuliza.

"Hapana," alisema.

Alilitoa zima. Shemeji akapanda, akawasha, na gari lilipiga ukelele uleule wa siku ya kwanza, kavu, uchi, wa kutia aibu. Mbwa wakakimbia. Wateja wa kinyozi wakatoka na mashuka shingoni. Wifi akaziba masikio, baba mkubwa akapanda mbele uso ameukunja, na hivyo ndivyo walivyopita mtaa mzima na mali yao, wakitangaza kwa kila mlango kilichotendeka. Kinyozi alipiga kofi moja, la hasira, akaacha. Hapakuwa na cha kushangilia. Ukelele ule ulikwenda, ukapungua, ukakata kona ya mwisho wa mtaa, kona ileile ambayo kwa miaka mingi ilikuwa inamleta mtu.

Mama Sare aliliingiza bomba ndani akalilaza juu ya meza ya kukatia, kwenye kitambaa cha kaki kilichokuwa kimetandazwa tayari kwa muhula mpya. Meza haikulitosha, mkia ulitokeza nje. Alivua glavu. Alitaka tu kuupapasa mshono wake mbovu, ule wenye vinundu, aone kama vidole vinaukumbuka, na alipougusa alishtuka: chuma kilikuwa na joto. Ni lile joto la injini ambayo shemeji aliiwasha kabla ya kikao. Halikuwa la kuunguza. Lilikuwa joto la mtu aliyetoka kuinuka kitandani.

Akavuta kiti. Akakunja pande mbili za kile kitambaa cha kaki, akalifunika bomba, akaweka viganja juu yake. Mkia ulipoa kwanza. Kisha mapindo, kabari kwa kabari. Sailensa, yenye nyuzi zake tumboni, ilikawia kuliko zote, naye akawa anausogeza mkono kufuata mahali palipobakia joto, akausogeza tena, mpaka hapakubaki mahali.